1/8 BSP, M10x1 au 1/8 NPT? Thredi za fitingi za bunduki za upepo, ipi ushike na ipi uachane nayo

Jibu fupi kwanza, maana najua kuna mtu ameshajaza kikapu mtandaoni anasubiri tu kubonyeza kulipa. Kama unaanza kujenga seti yako ya kujazia upepo kutoka sifuri, au bunduki yako ya PCP (ile inayojazwa upepo wa presha kubwa kabla ya kupiga) ni ya Uingereza au Ulaya kwa ujumla, fanya 1/8 BSP iwe ndo thredi yako ya nyumbani. Kama pampu au kompresa yako ni ya Kichina basi M10x1 unayo tayari, hukuulizwa, iache palepale ilipofungwa kiwandani na uhamie BSP mara moja tu kwa adapta moja ya maana. NPT usiinunue kwa hiari yako, iwepo tu kwa sababu kifaa cha Kimarekani kimekuja nayo. Mambo ya mitungi na thredi yake ya DIN ni ligi nyingine, nayafikia huko chini. Na suala la kibali cha kumiliki bunduki ya upepo linategemea uko nchi gani, hilo kamalizane na wahusika, hapa ni fitingi tu.

Sasa shida iko wapi. Hizi thredi tatu zote zina unene wa karibu milimita 10, wauzaji wanaziandika "moja ya nane" au "10mm" hovyo hovyo, kwenye picha huwezi kuzitofautisha, afu kibaya zaidi zinaingiliana kidogo. Zingekuwa zinagomeana kabisa mtu angerudisha dukani yakaisha, lakini hizi zinaingia mizunguko miwili mitatu, zinakaza, mtu anafurahi anasema imeshika, anaanza kupiga pampu.

Na presha yenyewe si ya mchezo. Tairi la gari dogo ni bar 2 na kitu, PCP nyingi zinajazwa bar 200 mpaka 250, na zipo zinazotaka 300, ambayo ni karibu psi 4350. Piga hesabu ndogo tu, duara la milimita 10 lina eneo la milimita za mraba 78 na ushee, kwenye bar 300 kila milimita ya mraba inasukumwa na nyutoni 30, jumla inakuja kama nyutoni 2,350, yaani ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 240 kwenye kile kifitingi kidogo kama ncha ya kidole. Mzigo wote huo unabebwa na meno ya thredi. Yakiwa yameshikana meno sita saba kamili hakuna tatizo, yakiwa mawili, tena yameshikana kwa ncha tu, hapo fitingi yenyewe ndo inageuka risasi na wewe umeinama juu ya pampu unaangalia geji.

Kwa hiyo vipimo vyenyewe hivi, viweke kwenye simu:

1/8 BSP: unene wa nje 9.73 mm, meno 28 kwa inchi, pichi 0.907 mm, pembe ya jino digrii 55, nyoofu
M10x1: unene wa nje 10.00 mm, pichi 1.0 mm, pembe digrii 60, nyoofu
1/8 NPT: inaanza kama 9.9 kwenye ncha inaishia 10.3 na ushee kwenye shina, meno 27 kwa inchi, pichi 0.941 mm, pembe digrii 60, imechongoka 1 kwa 16

Pichi ni umbali kutoka jino hadi jino, kama hukuwahi kukaa na fundi mashine. Angalia jinsi namba zilivyobanana, BSP na NPT zinapishana jino moja tu kwa inchi nzima, ndo maana jicho halina kazi hapa. Na usije na ile hadithi ya "lakini kwenye mabomba ya maji zinaingiliana", ni kweli nusu inchi na robo tatu za BSP na NPT zote zina meno 14 kwa inchi, lakini huku kwenye moja ya nane na robo inchi hazilingani, na hata huko kwenye maji pembe ya jino bado ni tofauti.

Unachohitaji ni kalipa, kile kipimio cha kubana cha kupimia unene, hata ile ya digitali ya bei ya chini inatosha, na geji ya pichi ukiweza kupata. Pima fitingi dume kwa nje. Kiwandani dume huwa linachongwa dogo kidogo kuliko namba ya kwenye kitabu, kwa hiyo kalipa ikisoma kati ya 9.5 na 9.7 hiyo ni BSP, ikisoma 9.8 mpaka 9.97 hiyo ni M10, halafu pima tena karibu na shina, ikiwa namba imepanda umeshika NPT au ile ndugu yake BSP ya koni. Hapa watu wengi wanapotea maana ncha ya NPT inasoma karibu 10 kama M10, wanapima ncha tu wanasema M10 hii, wanaagiza, vikija havifungi. Pima sehemu mbili. Kwenye urefu wa milimita 8 NPT inakuwa imenenepa nusu milimita, inaonekana wazi kwenye kalipa.

Kama bado una wasiwasi hesabu meno. Pima umbali wa pichi nane, kutoka ncha ya jino la kwanza mpaka ncha ya jino la tisa: BSP itakupa 7.26, NPT 7.53, M10x1 itakupa 8 kamili. Hiyo tofauti ya karibu robo tatu ya milimita kati ya BSP na M10 haikwepeki hata kwa kalipa ya kawaida. Fitingi yenyewe ikiwa fupi, meno matano tu, basi pima pichi nne uone inakuja 3.63 au 4.

Kuna njia ya gereji pia ambayo naipenda sana. Nati ya bomba la breki ya magari mengi ya Kijapani ni M10x1. Ile nati dume ya kwenye paipu ya breki, fundi yeyote wa gereji anazo zimezagaa kwenye kopo. Chukua moja, iweke ubavuni mwa fitingi yako meno yatazamane, inua kwenye mwanga. Meno yakizama yote bila mwanga kupita katikati, umepata M10x1. Yakianza vizuri halafu yakapandiana mbele, hiyo siyo. Na tundu jike unaweza kulijaribu kwa nati hiyohiyo, iingize kwa vidole, inatakiwa iteleze mpaka mwisho bila kugoma. Ni kipimio tu lakini, usije ukafunga kipande cha breki kwenye mfumo wa bar 300 ukasema uliambiwa.

Kugundua kwamba umekosea bila kipimo chochote: dume la BSP kwenye jike la M10x1 linaingia limelegea, linachezacheza, linaenda mizunguko miwili mitatu afu linagoma ghafla. Dume la M10 kwenye jike la BSP linagoma pale pale mwanzoni, na ukilazimisha na spana linakula meno, na kwenye alumini unakuwa umeshaliua lile tundu. Kanuni yangu ni kwamba thredi nyoofu inaingia kwa vidole mpaka bega liguse washa, spana ni ya kukaza robo ya mzunguko wa mwisho tu. Ukiona unahitaji spana kabla ya hapo, toa.

BSP nyoofu dhidi ya M10x1

Hizi mbili kimsingi ni ndugu wa tabia moja, zote nyoofu, zote hazizibi upepo kwa thredi. Hili ni jambo ambalo watu hawalishiki. Kwenye thredi nyoofu kazi ya meno ni kushika tu, anayeziba upepo ni washa ya Dowty, ile pete ya chuma yenye mpira ndani, inayokaa chini ya bega la fitingi, au oringi iliyokaa kwenye mfereji wake. Kwa hiyo kuzungushia tepu nyeupe ya fundi bomba kwenye BSP nyoofu au M10 ni kupoteza tepu, haizibi kitu, na vipande vyake vikikatika vinaenda moja kwa moja kwenye vali ya bunduki, utaanza kulalamika bunduki inavuja wakati uliivunja mwenyewe. Ikivuja badilisha washa, usiongeze nguvu ya mkono. Washa ya Dowty ya 1/8 BSP na ya M10 zinakaribiana sana kwa tundu, hivyo ukiwa na pakiti moja mara nyingi inakuhudumia kote kote.

Sasa tofauti yao kimatumizi. BSP ndo ilitangulia kwenye huu ulimwengu kwa sababu PCP za kisasa zilikulia Uingereza, hivyo pampu za Hill, hozi nyembamba za kujazia, sindano za kujazia, geji, vipande vya T, vingi vya huko na Ulaya viko kwenye 1/8 BSP. Faida yake kubwa kwetu Afrika Mashariki ni kwamba BSP ni lugha ya mafundi wetu tangu enzi, mabomba ya maji ni BSP, na cha maana zaidi maduka ya hozi za haidroliki yanauza fitingi za BSP za chuma zenye kustahimili bar nyingi kuliko unazohitaji. Dar ukizunguka Gerezani na Kariakoo, Nairobi ukishuka Kirinyaga Road, unaweza kutoka na washa za Dowty na plagi ya 1/8 ya chuma siku hiyohiyo wakati mwenzako anasubiri kifurushi wiki kadhaa.

Ila tahadhari mbili hapo. Kwanza vitu vya fundi bomba wa maji, hata kama thredi ni ileile, haviingii humu, ile brasi ya maji imetengenezwa kwa bar kumi na kitu siyo mia tatu, na mara nyingi ni BSP ya koni. Pili vitu vya haidroliki vinakuja na mafuta, na mafuta ya kawaida kwenye upepo wa presha kubwa ni hatari ya kweli, upepo ukigandamizwa ghafla unapata moto na mafuta yanalipuka kama kwenye injini ya dizeli. Vioshe mpaka vikauke kabisa, na kilainishi kiwe grisi ya silikoni tu, kidogo kwenye oringi. Tena fitingi nyingi za haidroliki za BSP zinaziba kwa koni ya digrii 60 mdomoni, si kwa bega bapa, kwa hiyo hakikisha unayochukua ina sehemu bapa ya kukalia washa la sivyo utakaza mpaka usiku itavuja tu. Na wale wanaouliza kuhusu oksijeni, hapana, oksijeni haiingizwi kwenye bunduki ya upepo kwa sababu yoyote ile.

M10x1 kwa upande wake imeletwa na Wachina, pampu za mkono za hatua tatu na zile kompresa ndogo kama Yong Heng, hozi zake na vifitingi vyake kwa kawaida ni M10x1. Si thredi mbaya hata kidogo. Ukinibana niseme ipi imara zaidi kwa presha, nitakuambia hazitofautiani kiasi cha kukukosesha usingizi, unene karibu sawa, pichi karibu sawa. Bei yake ndo inavuta watu, unapata mfuko mzima wa vifitingi kwa hela ya kapla (kiunganishi cha hozi) moja ya Kiingereza. Kasoro ni kwamba ubora unayumba, kipande kimoja ni chuma cha pua safi, kingine ni aloi ya ajabu iliyopakwa rangi ya kung'aa, na muuzaji anaweza kuandika BSP kwenye kichwa cha habari na M10 kwenye maelezo ya chini. Mimi kwenye M10 nanunua cha chuma cha pua au brasi nzito peke yake, na kikifika kinapitia kalipa kabla hakijagusa bunduki.

Kwa hiyo kama kila ulicho nacho ni cha Kichina, pampu, hozi, geji, na bunduki yenyewe inajazwa kwa nipo ya Foster (ile pua ya kuchomeka haraka, nitaieleza chini) ambayo hutaifungua kamwe, basi baki M10x1 mwanzo mwisho, huna sababu ya kuhama. Kinachoua watu ni mchanganyiko usio na alama. Ukiwa na vyote viwili ndani ya nyumba, tenga vikopo viwili, na zile za M10 zipige mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, chochote. Adapta ya kutoka M10 kwenda BSP ifungwe upande wa pampu, iachwe hapo hapo, usiwe unaibandua kila mara.

NPT

Hii ni ya Kimarekani na inafikiri tofauti kabisa. Imechongoka kama koni, inaziba kwa meno yenyewe kujikaba ndani ya tundu, ikisaidiwa na tepu au gundi ya thredi. Humu ndo tepu nyeupe ina kazi. Faida zake zipo nisiwe mnoko: haihitaji bega wala sehemu bapa, haihitaji washa, na geji unaweza kuielekeza uso wake pale unapotaka kwa sababu ukishashika kwa vidole unakaza mzunguko mmoja au miwili na ushee unasimamia unapoona panafaa, wakati geji ya BSP inakaza ikiangalia inakotaka yenyewe, pengine ukutani, mpaka ubadilishe washa au utafute ya kuzunguka.

Lakini kwa bunduki naiona ni usumbufu. Kila ukifungua na kufunga inaingia ndani zaidi kidogo, jike la alumini linapanuka, siku moja linapasuka ufa. Inaacha vipande vya tepu. Inakauka na gundi kiasi kwamba kuifungua unaomba Mungu. Na ukiichanganya na BSP, lile dume lake nene linakula jike la BSP kama tapu (chombo cha kukatia thredi) iliyokosea njia. Kwa upande mwingine dume la BSP likiingia kwenye jike la NPT linaingia limelegea kwa mizunguko kadhaa na linajifanya limekaa, hiyo ndo mbaya kuliko zote kwa sababu mtu akiongezea tepu nyingi inaziba kabisa kwenye bar 50, inaziba kwenye 100, anajiamini.

Kwa hiyo NPT iache kwenye vitu ambavyo havifunguliwi, kwa mfano geji au kifaa cha kupunguza presha cha Kimarekani kilichofungwa kiwandani. Ukitaka kukiunganisha na seti yako ya BSP, nunua adapta iliyoandikwa pande zote mbili, NPT huku BSP kule, yenye namba ya presha imechongwa mwilini. Funga upande wa NPT mara moja, tepu ianzie jino la pili ili isichungulie ndani, basi.

Mtego wa Foster

Hapa tulieni kidogo maana ndo wengi wanapoangukia. Ile nipo ndogo ya kuchomeka haraka, watu wanaiita Foster au kwiki, iko kwenye bunduki nyingi sana siku hizi, na usoni zote zinafanana, unachomeka kapla klik imeingia. Mgongoni ndo kila moja na ukoo wake, kuna za 1/8 BSP, kuna za 1/8 NPT, kuna za M10x1. Mtu anaona kapla imechomeka vizuri anahitimisha kuwa thredi pia itaingia. Haihusiani kabisa. Na muuzaji akiandika "8mm M10x1", hiyo 8 ni unene wa pua ya kuchomeka, thredi ni hiyo ya pili, na usichanganye na M8x1 ambayo ni thredi nyingine ndogo inayokutwa kwenye geji ndogo ndogo.

Uzuri wa Foster ni kwamba inakuokoa na haya mambo yote ya thredi. Ukishafunga nipo sahihi kwenye bunduki na kapla sahihi kwenye hozi, kuanzia hapo hugusi thredi tena, unachomeka na kuchomoa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye bunduki mbili tatu za viwanda tofauti: kila moja ipate njia ya kuishia kwenye Foster. Hatsan wanatumia sindano ya kuingiza, sawa, mgongoni mwa sindano funga nipo ya Foster. Air Arms kwenye S400 na S410 walikuwa na kile kiunganishi chao cha kuchomeka na kuzungusha, nacho vilevile mgongoni weka Foster. Hozi inabaki moja. Kumbuka tu Foster haichomoki ikiwa na presha, lazima hozi itolewe upepo kwanza kwa ile vali ya kutolea, na hozi isiyo na vali ya kutolea usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Robo inchi je?

Zipo 1/4 BSP na 1/4 NPT kwenye baadhi ya kompresa na vituo vya kujazia (vile vifaa vya kufunga mdomoni mwa mtungi). Mambo ni yaleyale, BSP milimita 13.16 meno 19, NPT kama 13.7 meno 18. Kwa bunduki hazina faida, kubwa, nzito, na eneo likiongezeka nguvu ya kusukuma nayo inapanda, kwenye bar 300 robo inchi inasukumwa na zaidi ya kilo 400. Shuka kwenda moja ya nane mapema karibu na kompresa.

Upande wa mtungi

Mtungi una thredi zake na hizi hazichanganyiki na za juu kwa bahati nzuri. DIN ni G5/8, nene karibu milimita 23, meno 14 kwa inchi, na ipo ya bar 232 na ya bar 300. Ya 300 tundu lake ni refu, lina mizunguko saba badala ya mitano, makusudi kabisa, ili kiunganishi kifupi cha 232 kisifike kwenye kiti chake na kisizibe. Kiunganishi cha 300 chenyewe kinaingia kote kote. Kwa hiyo ukinunua kituo cha kujazia nunua cha 300 moja kwa moja hata kama leo una mtungi wa 232. Cha nira, kile cha kubana kwa nje, mwisho wake ni 232 na hakina toleo la juu zaidi. Mitungi ya wazimamoto ya Marekani ya psi 4500 inatumia CGA 347, usiipeleke kwa mtu mwenye DIN ukategemea miujiza.

Kuna wanaouliza kuhusu regulata ya kuzamia waliyonayo, kama inaweza kutumika. Tundu la presha kubwa la hatua ya kwanza (kile kipande kinachofungwa kwenye mtungi), lile la kufunga geji, huwa ni 7/16 UNF, meno 20 kwa inchi, milimita 11.1, na zipo adapta za kutoka hapo kwenda 1/8 BSP. Inafanya kazi, na kwa kuwa kitundu chake cha ndani ni chembamba mno upepo unapita polepole, jambo ambalo kwa kujaza bunduki ni zuri maana haipati joto. Usikosee tundu tu, yale mengine ya presha ndogo kwa kawaida ni 3/8 UNF na hayatakupa kitu.

Kwa walio pwani, Unguja au Diani, mitungi ya alumini ya maduka ya wazamiaji inajazwa karibu bar 200 na mingi ina mdomo wa nira, baadhi vali zinabadilishika kuwa DIN kwa kutoa kile kipande cha ndani kwa ufunguo wa aleni. Waambie kabisa ni cha kujazia bunduki, wapo wanaokubali na wapo wanaokataa. Na hata akikujazia full, mtungi wa 200 hauwezi kuipa bunduki 250, unasawazika tu, tena kila ukijaza mtungi unashuka. Kwa bunduki ya 200 unatosha kwa muda mrefu, kwa ya 250 utaijaza kwa mtungi mpaka pale mtungi unapoishia halafu sehemu iliyobaki umalizie na pampu ya mkono, kwa ile ile hozi yenye Foster.